Nyamaza, Nikupe Mia

Mwenye duka la mtaani anajua mambo ya nyumba za watu kuliko mjumbe. Najua nani kakopa unga, nani malipo ya korosho yameshaingia, na nyumba ipi mke na mume hawasemeshani, kwa sababu wiki hiyo watoto wao hawakauki dukani kwangu. Hilo la mwisho ndilo limenikalisha leo niandike.

Duka liko Chuno, Mtwara mjini, si mbali na shule ya msingi. Nimeshajua kwamba mtoto mwenye njaa na mtoto mwenye huzuni hawanunui kwa namna moja. Mwenye njaa anataja kinachoshibisha: maandazi mawili, mkate, au anaulizia kama yule mama wa mihogo ya kukaanga ameshapita. Akikosa hiki anachukua kile, na anaanza kutafuna kabla sijamrudishia chenji. Yule mwingine anakuja macho mekundu, kamasi zimemkaukia juu ya mdomo, sarafu ameikamata mpaka imelowa jasho. Anasimama mbele ya makopo ya pipi na ubuyu kama anayesoma gazeti. Andazi halitaki. Ukimwambia ubuyu umeisha, kilio kinaanza upya. Na kutoka nyumba ya tatu unasikia sauti ya mtu mzima: "Umepata? Haya, nyamaza sasa!"

Naandika kama muuza duka. Mimi si mtaalamu wa lishe, na pipi hizo ndizo zinazoninunulia umeme wa luku. Lakini haya mambo yamenishughulisha kiasi cha kuyasoma, na nilichokisoma kimenifanya niwaangalie wateja wangu wadogo kwa jicho jingine.

Kwanza, mwili wa mtoto kwa asili yake haukimbilii chakula unapopata shida. Ni kinyume. Mtu akishtuka au akihuzunika, damu inapelekwa kwenye misuli, tumbo linapunguza kazi, hamu ya kula inakatika. Nenda kwenye msiba wowote uone wafiwa wanavyoshindwa kumeza hata uji. Kwa hiyo mtoto anayekula huku huzuni imemshika amefundishwa kwenda tofauti na mwili wake. Kafundishwa na nani?

Huko Trondheim, Norway, watafiti waliwafuatilia watoto kuanzia umri wa miaka 4 hadi 10, na mwaka 2017 wakachapisha walichokiona. Watoto waliokuwa wakibembelezwa kwa chakula wakiwa wadogo ndio waliokuja kuwa wepesi wa kukimbilia chakula wakiudhika. Hilo halimshangazi mtu. Mimi nililipenda jambo la pili, kwa sababu linampunguzia mzazi lawama: mtoto naye anamfundisha mzazi. Ukimpa kitu akatulia papo hapo, wewe uliyekuwa umechoka na kelele umepata tuzo yako, na kesho utampa tena. Watoto wepesi wa kulia na kukasirika ndio waliokuwa hatarini zaidi kuingia kwenye mzunguko huo. Ukiwatazama hawa ninaowahudumia, unaona kabisa. Yule mpole ambaye akiumia anakaa kimya, hakuna anayemkimbilia na mia.

Uingereza nako kuna watafiti waliowafuatilia mapacha waliozaliwa mwaka 2007, ili watenganishe kilichotoka kwenye damu na kilichotoka nyumbani. Hamu ya kula kwa jumla, na hata unene, damu ina sehemu yake kubwa. Ila kula kwa sababu ya hisia, na pia kuacha kula kwa sababu ya hisia, kulitokana zaidi na mazingira ya nyumba ambayo mapacha wote wawili wanalelewa humo. Kwa hiyo yule shangazi anayesema "huyu kamrithi babu yake, babu alikuwa mlafi" aulizwe kwanza, babu alikuwa akibembelezwa na nini?

Sasa tuje kwetu, maana Norway hakuna korosho.

Kusini tunaishi kwa msimu. Kuanzia Septemba hivi watu wako mashambani wanaokota, na watoto wengi wanabaki nyumbani na dada mkubwa ambaye naye ni mtoto. Oktoba minada inaanza. Mzigo uko ghalani, stakabadhi mkononi, macho kwenye simu. Malipo yakiingia, kwa wiki chache kila kitu kinabadilika: pikipiki, godoro, bati, kitenge, na soda. Baba ambaye mtoto alikuwa hamwoni anatokea na kreti. Na huyo baba si mtu mbaya. Amekuwa mbali, anajua amekuwa mbali, na njia ya haraka ya kusema "nimewakumbuka" ni kitu kitamu. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane mpaka tisa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu inayotokana na chakula cha siku. Kwa mtoto wa miaka saba au minane, chupa moja tu imekaribia kumaliza hesabu ya siku nzima. Wengine siku hizo wanakunywa tatu.

Halafu Februari inafika. Mvua inanyesha, mahindi bado machanga, hela imekwisha, na sauti ndani ya nyumba zimepanda. Ni mtoto yuleyule, lakini sasa akilia haambiwi "njoo unywe soda", anaambiwa "usinichanganye". Miezi michache iliyopita alijifunza kwamba upendo una ladha ya sukari. Sasa upendo na sukari vimeondoka pamoja. Mimi naona hapa ndipo tatizo letu linapotofautiana na la hao wanaoandikwa kwenye tafiti. Kule mtoto anakula huzuni yake mwaka mzima kwa sababu friji imejaa. Wa kwetu anakula kwa hisia wakati wa neema, na wakati wa uhaba anakula kwa hofu.

Hofu hiyo utaiona kwenye sinia. Watoto sita, ugali mmoja, bakuli moja la mchuzi wa dagaa. Anayetafuna polepole anaumia. Mkubwa anamega tonge kubwa, mdogo anaiga, tonge linamezwa bila kutafunwa huku macho yanahesabu matonge ya wenzake. Sinia ina baraka zake na siitukani, nimelelewa nayo. Ila mtoto aliyejifunza kula kwa mashindano hajui kushiba kwake kunafananaje. Anaacha kula chakula kinapoisha. Mpeleke kwenye shughuli ambako pilau haliishi, utamkuta nyuma ya nyumba anatapika.

Kuna kijana mmoja wa darasa la pili, simtaji, anaishi na bibi yake mzaa mama. Huku kwetu hilo ni jambo la kawaida sana. Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, wote asili yao ukoo unafuata upande wa mama, na ndoa ikivunjika watoto hurudi kwa kina mama yao bila mjadala mrefu. Mama wa huyu alikwenda Dar kutafuta. Kijana akaanza kuja dukani na hela ambazo si za umri wake, mia tano, mara elfu nzima, na alikuwa hanunui cha kugawana na wenzake. Biskuti, juisi ya chupa, chipsi za pakiti, anakula akiwa amegeukia ukuta.

Bibi akaja siku moja, hasira ziko juu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, huyu mjukuu wangu unampa nini humu? Nikipakua chakula hali, anasema ameshiba. Ameshiba nini?"

"Anakuja na hela, bibi. Mimi nilidhani umemtuma."

Akakaa kwenye kreti. "Hela ya mama yake hiyo. Akipiga simu, mtoto analia anataka aje. Mtoto akilia na mama analia. Basi ananiambia, mama, nimekutumia, mpe elfu aende akafurahi. Sasa mimi nifanyeje? Nimnyime hela ya mama yake?"

Sikuwa na la kumjibu haraka. Ukiitazama kwa upande wa mama yule, elfu moja ndiyo mkono pekee alionao wa kumshika mwanawe kutoka umbali huo. Kwa upande wa mtoto, kila akisikia sauti ya mama yake, dakika kumi baadaye yuko mbele yangu ananyoosha mkono apewe biskuti. Biskuti imekuwa mwisho wa mama.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani tatizo ni watoto wanaokula sana tu. Wanaoacha kula ni wengi zaidi na hawaonekani, tena wanapewa jina baya. Jirani yangu mmoja ana binti wa darasa la nne ambaye baba yake alihamia Masasi kwa mke mwingine. Mtoto akaacha kula. Anamega tonge mbili, anasukuma sahani. Watu wakasema ana kiburi, ana deko, kalelewa vibaya. Wakamkalisha mbele ya ugali mpaka aumalize, machozi yanadondokea kwenye kisamvu. Kila mlo ukawa kesi. Mwili uliofungwa na huzuni haufunguliwi kwa fimbo, na mtoto anayelazimishwa kumeza huku akilia anapata sababu ya pili ya kukichukia chakula.

Hata hivyo, kabla hujasema "ni mawazo tu", mpeleke akapimwe. Tuko pwani, mbu wanatujua kwa majina. Malaria inakata hamu ya kula, minyoo pia, upungufu wa damu nao vilevile. Na mtoto anayetafuna mchele mbichi au udongo usimchape kwanza. Mara nyingi damu imepungua. Mambo haya yanaingiliana, mtoto anaweza kuwa na minyoo na huzuni kwa wakati mmoja, wala hakuna sheria inayokataza.

Na kuna njaa ya kawaida kabisa, ambayo wasomi wa nchi zilizoshiba huisahau. Mtoto anaondoka asubuhi amekunywa chai ya rangi yenye sukari tatu na andazi moja. Sukari inampandisha, saa nne inamshusha, na kama shuleni kwao hakuna uji, anakaa hivyo mpaka saa nane mchana. Anarudi nyumbani amenuna, anagombana na mdogo wake, anapigwa, analia, anapewa mia anyamaze. Mia inaleta pipi, pipi inampandisha tena, na ugali ukiiva hana hamu. Jioni wanasema mtoto huyu ana hasira za baba yake. Hasira gani? Mtoto hajala tangu asubuhi. Nikiona kamasi na mia, swali langu la kwanza siku hizi ni "umekula?", na wengi wananijibu bado.

Kinachoniuma ni kwamba mkoa huu hauna upungufu wa vitu vya kumshibisha mtoto. Korosho yenyewe ina protini, mafuta mazuri na madini ya chuma, ila sisi tunaipeleka yote ghalani halafu tunarudi na biskuti za ngano na sukari. Zile zilizovunjika, ambazo hazina bei, zikisagwa kwenye uji wa asubuhi mtoto anafika mchana bila kugombana na mtu. Mbaazi ya nazi. Choroko. Karanga. Dagaa na samaki wadogo pale feri wakishuka mapema. Bibo, lile tunda la mkorosho, lina vitamini C kuliko chungwa, na sisi tunalikanyaga au tunawaachia wapika gongo. Ming'oko, vile viazi vya porini, mtoto anaweza kukaa nayo barazani, anamenya, anachovya kwenye chumvi na pilipili, inachukua muda, mdomo una kazi. Ni wanga zaidi, sikatai, lakini haimvurugi kama pipi. Na hiyo chai ya rangi isogezwe mbali na mlo, maana inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri.

Wengine wakisikia hivi wanakwenda kinyume kabisa: kuanzia leo hakuna kitu kitamu ndani ya nyumba, kabati linafungwa kwa ufunguo. Hilo nalo limeshajaribiwa. Leann Birch, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi hii maisha yake yote, alichapisha na mwenzake mwaka 1999 majaribio ambayo watoto walizuiwa kitafunwa fulani huku wanakiona. Walikiongelea, wakakiomba, na waliporuhusiwa wakakichukua kwa pupa kuliko kingine kinachofanana nacho. Kila mama mwenye kabati la ufunguo anaijua habari hii bila kwenda Marekani. Siku ufunguo ukisahaulika, kopo la maziwa ya unga linakutwa tupu na watoto wana masharubu meupe.

Mmarekani mwingine, Ellyn Satter, aligawa kazi hivi: mzazi aamue chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto aamue atakula kiasi gani, au kama atakula. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Kiasi gani? Kwetu chakula ndicho kilichopo, na kukibakiza ni kumkosea adabu aliyehangaika nacho. Lakini nikiitafakari naona ina mahali pake hata kwenye nyumba ya sinia. Wadogo wapakuliwe pembeni, kidogo, na waambiwe ukitaka tena utaongezwa. Kinachobaki kiko kwenye sufuria, hakijatupwa, na mtoto amepata nafasi ya kusikia tumbo lake bila kushindana na kaka yake.

Kuhusu saa, tuna mfano wetu wenyewe. Mwezi wa Ramadhani biashara yangu ya pipi mchana hushuka, hata kwa wale wadogo ambao hawafungi. Ukipita mtaani magharibi unaona kwa nini. Kila nyumba ina mkeka, muhogo wa nazi, tambi, uji wa pilipili manga, na watu wote wapo, hata baba. Chakula kina saa yake na kina watu wake. Mtoto anajua kinakuja, anajua na nani atakula. Hakuna haja ya kumnyamazisha kwa mia saa kumi jioni. Idi ikipita, kila mtu anarudi kula kwa wakati wake, baba sahani yake inafunikwa kawa mpaka saa nne usiku, na mimi biashara inachangamka.

Mtu asije akanielewa vibaya nikaonekana naichukia furaha ya chakula. Mtoto akitoka jando akachinjiwa kuku, ale. Harusi, maulidi, Idi, ale kashata na visheti mpaka atosheke, hiyo ni furaha ya watu wengi na ina mwanzo na mwisho. Kumpa mtoto aliyeanguka kipande cha muwa baada ya kumpangusa goti na kumuuliza kumetokea nini, nako sioni ubaya. Nachokikataa ni kitu kitamu kinapoletwa badala ya swali. "Nani kakupiga?" ni swali la bure. Tunalikwepa kwa sababu jibu linaweza kuwa refu, au linaweza kuwa "baba", na mia ni rahisi.

Yule bibi tuliongea mara kadhaa baada ya hapo. Kilichosaidia hakikutoka kwangu, kilitoka kwa kaka wa yule mama, ambaye alikuja kutoka Newala baada ya kuuza korosho. Huku mjomba akisema, amesema. Alimpigia dada yake simu mbele ya bibi, wakakubaliana: hela inatumwa kwa bibi na ni ya samaki na unga, wala haitajwi mbele ya mtoto. Simu ipigwe usiku baada ya kula, na isikatwe mtoto akianza kulia. Bibi alilipinga hili la mwisho, akasema mtoto akilia hivyo usiku atalala vipi. Mjomba akamwambia, "Acha alie, mama. Ana haki ya kumlilia mama yake." Na yeye mwenyewe siku zote alizokuwepo alikuwa anamchukua kijana kwenda naye feri asubuhi kununua samaki, wanarudi wanaparua magamba pamoja uani.

Wiki za kwanza kijana alikuwa analala analia, bibi ananieleza kila asubuhi kwa sauti ya kunilaumu mimi niliyeanzisha maneno. Sasa simu zinakwenda kwa kuongelea shule na paka. Jumamosi anakuja na mia mbili yake, ananunua ubuyu, anamgawia rafiki yake wa nyumba ya jirani. Namuuzia. Jana alikuja na hela nyingine nikamuuliza umetumwa nini, akasema bibi anataka chumvi na nyanya za mia tano, na niangalie zisiwe mbovu kama za juzi.